Hodi ya Ijumaa

Tunatengeneza makufuli hapa Willenhall.
Ya maghala, ya mageti, ya masanduku ya posta,
na lile zito la shaba ambalo Gurdeep
hulipima kiganjani kabla ya kuligonga muhuri.
Miaka mia na ushei mji huu umekula
kwa kumweka mwizi nje.

Naye kaja kwa njia ya ankara.

Saa kumi na dakika arobaini, jioni ya Ijumaa.
Mvua ya Februari inakwangua dirisha,
koti nimeshalivaa mkono mmoja.
*Deni limepitiliza. Lipeni leo. Tazama kiambatisho.*
Jina langu limeandikwa sawasawa, Bi Siwatu Mbwana,
ambalo benki yangu hadi leo hulivunjavunja.
Nembo ya muuza shaba ndiyo.
Hata pole za baridi zimo.
Na pale chini kibanio kidogo
kimekunja miguu
kama mgeni aliyekwisha kuingia
na sasa anangoja chai.

Hakupiga hodi.
Kwetu hodi ni tatu; ukinyamaziwa, unageuza viatu.
Mwenye haraka na mlango wako
ana haja na kilicho nyuma yake.

Ningebofya. Sitasema uongo.
Kidole kilikuwa juu ya kipanya,
na kipanya kilikuwa kimeshanusa dagaa.

Ila nikamkumbuka Maureen.

Machi ya mwaka juzi alifungua moja kama hii.
Hakuna kilicholipuka, hakuna kilicholia.
Skrini ilipepesa mara moja, ikatulia,
naye akaenda kuosha kikombe.
Alihisi. Akanyamaza.
Saa mbili nzima alinyamaza,
kwa kuwa ndiye mkuu wa hesabu,
kwa kuwa ulibaki mwaka mmoja astaafu,
na saa mbili zilimtosha yule
kupita meza kwa meza, akifunga kila alichokigusa
kwa kufuli ambalo ufunguo wake anao yeye tu.
Sisi, watu wa makufuli!
Tukaandika mishahara kwa kalamu.
Mashine za kukatia funguo zikakaa siku tisa zimepoa.
Maureen alilia chooni, bomba kaliacha wazi
ili tusisikie.
Tulisikia.

Baadaye alibandika karatasi juu ya birika la umeme,
kwa mwandiko wake wa shule za zamani:
*Kosa langu si kubofya. Kosa langu ni zile saa mbili.*
Watu huisoma wakingoja maji yachemke.

Nikavua mkono wa koti.
Nikaifuata anwani herufi kwa herufi
kama mtoto wa chuoni na kijiti chake.
Palipopaswa kuwa na *m*
palikuwa na *r* na *n*, zimebanana
kama watu wawili ndani ya kanzu moja.

Sikupiga namba waliyoniandikia.
Nilipiga ile ya kwenye kalenda ya muuza shaba,
yenye picha ya kondoo, ukutani tangu Krismasi.
Akapokea Desmond, biskuti mdomoni:
"Ankara gani? Mlishalipa Jumanne, kipenzi."

Kieran wa kompyuta akaja mbio, soksi zimelowa.
"Umebofya?"
Sijabofya.
"Ungebofya, ungeniambia?"
Nikaitazama karatasi ya Maureen.
Ningekwambia kabla kidole hakijapoa.

Usiku, nyumbani, simu ikatetema.
Dada yangu Mize: picha, bila neno.
Sikuifungua. Nikampigia.
"Ni wewe uliyetuma?"
"Makubwa! Sasa hata mimi nibishe?"
Bisha.
Akacheka hadi akakohoa, kisha akasema,
taratibu, kama tulivyofunzwa:
hodi. Hodi. Hodi.

Nikafungua.
Ni mlango wa nyumba yake mpya,
rangi ya kijani bado mbichi,
tundu la kitasa liko wazi,
na jicho lake linachungulia upande wa pili.